Have I Been Pwned: nilienda kumshtaki mwenye tovuti, nikarudi na kesi yangu mwenyewe

Wakuu leo naleta mrejesho wa kitu ambacho wengi mmeshakisikia ila hamjawahi kukitumia, kama mimi nilivokuwa. Have I Been Pwned. Ni tovuti ya kuangalia kama imeili yako imo kwenye data zilizoibiwa huko na huko mtandaoni. Nimekaa nayo kama mwezi hivi, sijalipwa na mtu, na ningelipwa ningeandika kifupi zaidi ya hapa.

Ilivoanza ni hivi. Nina akaunti kwenye tovuti moja ya wapenda kamera, jina siitaji na mbele mtaona kwa nini, ni ya miaka mingi na kwa mwaka naingia labda mara tatu. Siku moja jamaa tunayefahamiana kule ananitumia meseji, oya mbona siku hizi unauza miwani ya jua? Mi miwani naitoa wapi. Kuingia nakuta jina langu limetuma matangazo arobaini na kitu usiku mmoja, yote linki za ajabu ajabu, na picha yangu pale pembeni inatabasamu kabisa kama mwenye duka. Hasira zikapanda. Nikawaandikia wenye tovuti waraka mrefu, mmedukuliwa na mnatuficha, sisi tuliwaamini, yaani nilimwaga kila kitu.

Wakajibu kistaarabu mpaka nikaona aibu. Wakasema wamepitia kumbukumbu za kuingia, aliyeingia kwako hakubahatisha, paswedi kaipatia jaribio la kwanza, na wiki ile akaunti zilizoguswa ni chache sana, kama databesi yao ingekuwa imebebwa zingeguswa nyingi. Halafu wakaniuliza swali moja tu. Hiyo paswedi unaitumia wapi kwingine?

Daah.

Kwingine wapi sasa, ilikuwa kila mahali. Paswedi ile nilianza nayo nikiwa kijana, jina la mpenzi wangu wa kwanza na namba mbili mwishoni, na kila nilipofungua akaunti mpya vidole vinaiandika vyenyewe kabla sijafikiri. Kwenye sehemu ninazoziona za maana nilikuwa naweka herufi kubwa mbele na alama ya mshangao nyuma, basi najiona mtaalamu.

Ndo nikaenda sasa kwenye hiyo tovuti. Ukifika unakuta kisanduku kimoja, unaandika imeili, unabonyeza, jibu linakuja muda huohuo. Hamna kujisajili, hamna kulipa, na kwenye kuangalia imeili hawakuulizi paswedi, hili lishikeni maana ziko tovuti za kuigiza zinazokwambia weka imeili na paswedi yako tukuangalizie, hizo ndo zenyewe zinakuibia. Mimi yangu ikatoka na sehemu saba. Saba! Tatu nilikuwa nimeshasahau kama nilishawahi hata kujiunga, moja ni gemu nililocheza wiki mbili nikaliacha. Kila sehemu wanakwambia ilivuja lini na kilichotoka ni nini, imeili tu, au na paswedi, au na namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa. Majina ya hao saba siyataji, ugomvi wangu hauko kwao tena.

Kwa wasioijua, aliyeianzisha ni Mwaustralia mmoja anaitwa Troy Hunt, Desemba 2013, miezi michache baada ya Adobe, wale wa Photoshop, kuibiwa data za akaunti kama milioni 153. Jina lenyewe ni lugha ya wacheza gemu, mtu alitaka kuandika "owned" yaani nimekushinda nimekumiliki, kidole kikateleza kwenye p iliyo jirani na o, ikabaki hivyohivyo, kwa hiyo tovuti inakuuliza kama nawe umeshamilikiwa. Jina gumu kulitamka, mimi nasema "poni" na watu wananielewa.

Hiyo ya Adobe inafaa tuitulie kidogo maana ndo iliyonielewesha. Paswedi zao hazikuwa wazi, zilikuwa zimefichwa, ila zote kwa ufunguo mmoja na kwa namna ambayo paswedi mbili zinazofanana zikishafichwa zinabaki zinafanana. Na pembeni ya kila moja kulikuwa na kile kidokezo mtu anachojiandikia asisahau, na hicho hakikufichwa kabisa. Sasa chukulia watu elfu moja wana paswedi moja. Wewe huko mwisho umeandika kidokezo cha kijanja sana hakuna anayekielewa, ila mwenzako mmoja kaandika "moja mpaka sita". Mmeisha wote elfu moja. Na ndo ilivokuwa, 123456 ilikuwa na watu karibu milioni 2 humo. Usalama wako unategemea uvivu wa mtu usiyemjua, nilikaa nalo hili siku nzima.

Tovuti zinazojua kazi zinafanya tofauti. Paswedi yako inasagwa kwanza, inatoka mstari wa herufi na namba ambao haurudishiki nyuma, na kabla ya kuisaga wanatia kitu kidogo cha nasibu cha kila mtu na chake, wenyewe wanaita chumvi, kwa hiyo hata mkiwa na paswedi moja unga unaotoka haufanani. Shida ni kwamba wewe unayejisajili huna namna ya kujua jikoni wanafanyaje. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou iliibiwa paswedi milioni 32 na zote zilikuwa zimeandikwa wazi tu kama orodha ya wageni, na orodha ile mpaka leo ndo daftari la kuanzia la kila anayejifunza kuvunja paswedi.

Sasa turudi kwenye kesi yangu. Ilivyo ni kwamba mwizi hahitaji kuidukua tovuti ya kamera. Anachukua orodha ya zamani iliyovuja kwingine, imeili na paswedi yake, imeili na paswedi yake, mamilioni, anaipa roboti, roboti inakwenda kugonga mlango mmoja mmoja kwenye tovuti ambazo hazihusiani kabisa na kule zilikovuja. Wengi watamgomea. Ila wale wenye ufunguo mmoja wa nyumba, gari na kabati, hao wanafunguka. Kwa nje inaonekana tovuti imedukuliwa, watu wanaanza kulaumiana, uongozi unahujumu, kuna mtu wa ndani, kumbe ni funguo zetu wenyewe.

Na usidhani ni wajinga tu. Dropbox, wale wa kutunza mafaili mtandaoni, mwaka 2012 walipata msala kwa sababu mfanyakazi wao alitumia kazini paswedi iliyokuwa imeshaibiwa kwingine, na baadaye 2016 ikajulikana akaunti zaidi ya milioni 68 zilikuwa zimetoka. Mwaka huohuo wa 2016 Mark Zuckerberg mwenyewe, huyuhuyu wa Facebook, akaunti zake za Twitter na Pinterest ziliingiliwa, na waliofanya walisema paswedi waliitoa kwenye data za LinkedIn za 2012, na kwamba ilikuwa "dadada". Mimi na jina la mpenzi wangu nikajiona afadhali. Halafu 23andMe, wale wa kupima asili yako kwa mate, 2023 waliingiliwa akaunti kama 14,000 kwa mtindo huuhuu wa paswedi zilizotumika kwingine, lakini kwa kuwa mle ndani ndugu wanaonana na ndugu, taarifa zilizochotwa zikawa za watu kama milioni 6.9. Paswedi ya shemeji yako usiyemjua inatoa ukoo mzima.

Kwenye tovuti ya Hunt kuna chumba kingine ambacho kwangu ndo kizuri kuliko cha imeili, kinaitwa Pwned Passwords, cha tangu 2017. Hapa ndo unaandika paswedi yenyewe, inakwambia imeonekana mara ngapi kwenye data zilizovuja. Najua mnachowaza, si umesema tusiandike paswedi popote? Na mimi niligoma siku mbili. Kilichonilainisha ni kuelewa inavofanya kazi. Ukiandika, inasagwa humohumo kwenye kompyuta yako, unatoka ule mstari, wenye herufi na namba 40, halafu kinachotumwa kwenda kwao ni 5 za mwanzo tu. Wao wanarudisha orodha ya yote yanayoanza na hizo 5, mamia ya mistari, na kompyuta yako inatafuta yenyewe kama yako imo. Kwa hiyo hawajui ulikuwa unatafuta ipi. Ni kama kwenda kwa mzee wa mtaa ukamwambia niletee faili zote za wanaoanzia na M, unasoma mwenyewe chemba, unarudisha, hajui ulimfuata nani. Nani alikaa akafikiria hivi sijui ila ni akili kubwa.

Basi nikaandika ile ya ujana wangu. Ikanijibu imeonekana mara mia tatu na ushee.

Mia tatu na ushee wakuu. Jina lilelile, na namba zilezile mbili. Nilikuwa nadhani peke yangu ndo nilimpenda.

Nikajaribu ile ya kitaalamu yenye herufi kubwa na alama ya mshangao, nayo imo, mara tisa. Maana programu za kuvunja paswedi hizo mbinu zinazijua zote, herufi kubwa mbele, mwaka nyuma, a kuwa @, s kuwa dola, hayo ndo ya kwanza kujaribiwa. Na kwa kweli tulifundishwa hivyo, hatukujitungia. Bwana mmoja wa Marekani, Bill Burr, ndo aliandika mwongozo wa taasisi yao ya viwango mwaka 2003, changanya herufi na alama, badilisha kila baada ya muda, ofisi zikaushika kama msahafu. Mwaka 2017 akiwa ameshastaafu akasema anajutia mengi aliyoyaandika. Na mwongozo mpya wa 2017 ukaja na mengine, msimlazimishe mtu kubadili paswedi bila sababu, ila ipimwe kwanza kama imo kwenye orodha za zilizovuja. Ukienda ofisi nyingi bado unaambiwa siku 90 zimeisha badilisha, na watu wote wanaongeza namba moja mwishoni.

Sasa mapungufu, maana nisionekane nimeokoka.

La kwanza, haikwambii ni paswedi gani yako iliyovuja. Inakwambia tovuti fulani, mwaka fulani, paswedi zilitoka, basi, kumbuka mwenyewe ulikuwa unatumia ipi. Wamefanya makusudi, hawataki kuweka imeili na paswedi yake sehemu moja maana nao wakiibiwa itakuwa msiba, naelewa, ila kwa mtu mwenye akaunti ya miaka kumi na nne iliyopita inakera. La pili, kuna mikusanyiko humo haina hata jina la tovuti. Mmojawapo mkubwa ni ule ulioitwa Collection #1 wa Januari 2019, imeili karibu milioni 773 zimekusanywa kutoka kila shimo, na ukijikuta humo unachoambiwa ni kwamba umo. Umo wapi? Umo. Nibadilishe paswedi ya wapi sasa? Jibu ni zote, na hilo halisemwi kwa maandishi makubwa ya kutosha.

La tatu ndo zito. Ikikwambia huna tatizo, rangi ya kijani, watu wanashangilia wanafunga kompyuta wanalala. Kijani maana yake hujaonekana kwenye data walizonazo WAO. Zile za LinkedIn ziliibiwa 2012, wakati ule zikaonekana paswedi kama milioni 6.5, watu wakaamini ndo hizo tu, mpaka 2016 ndo ikaja kuuzwa mtandaoni mali yenyewe nzima, akaunti zaidi ya milioni 160. Miaka minne mtu anajiona salama na mwizi ana paswedi yake.

Kingine watu wanalalamika kwamba yeyote anaweza kuandika imeili yako akaona ulijisajili wapi. Ni kweli kwa sehemu. Zile za aibu wamezifungia, mfano data za Ashley Madison za 2015, tovuti ya watu wa ndoa wanaotafuta pembeni, hizo hazitoki kwa kutafuta tu, mpaka uthibitishe kwamba imeili ni yako. Na ukitaka unaweza kuomba imeili yako isionekane kabisa hadharani. Hapo naona walitumia busara, wangeiacha wazi wangeua ndoa za watu kwa kisanduku kimoja.

Huyu Hunt mwenyewe nilikuwa na wasiwasi naye, mtu mmoja kukalia mabilioni ya imeili za dunia. Kilichonipa imani ni kituko chake cha Machi 2025. Aliletewa imeili feki ya huduma anayotumia kutuma majarida, amechoka na safari, usingizi unamzonga, akaingia linki akajaza paswedi na namba ya uthibitisho, dakika hiyohiyo orodha ya wasomaji wake ikabebwa, imeili kama 16,000. Akaandika siku ileile yote yaliyotokea, na orodha yake mwenyewe akaiingiza kwenye tovuti yake kama walioibiwa wengine. Na kuna jambo moja alikiri: apu yake ya kutunza paswedi haikujaza yenyewe kwenye ule ukurasa feki kama ilivyozoea, ilipaswa kuwa kengele, usingizi ukamzidi.

Hiyo ndo iliyonisukuma nichukue apu ya kutunza paswedi, kitu nilichokuwa nakikataa miaka yote, mayai yote kapu moja. Ila mi tayari nilikuwa na kapu moja, tena la wazi, lenye jina la mtu. Nikachagua Bitwarden kwa sababu msimbo wa programu yenyewe uko wazi watu wanaukagua, na ya bure inatosha. Asiyetaka vitu vyake viwe kwenye seva ya mtu yupo KeePass, ya tangu 2003, faili linakaa kwako, ukilipoteza limepotea. Hofu ya kapu sio ya kijinga lakini. LastPass, apu nyingine ya kutunza paswedi, mwaka 2022 waliibiwa nakala za makabati ya paswedi za wateja, vilivyomo vimefungwa ila anuani za tovuti zilikuwa wazi, na aliyekuwa na paswedi kuu dhaifu ndo wa kukosa usingizi. Kwa hiyo paswedi kuu nimeitengeneza kwa dadu, kuna orodha ya maneno 7,776, unarusha dadu mara tano zinakupa namba, namba inakupa neno, unarudia mpaka maneno sita. Limetoka sentensi la kipuuzi ambalo halina mpenzi wala mwaka wa kuzaliwa. Nililikariri siku nne, la tano likakaa.

Kubadilisha akaunti zote kulinichukua jioni tatu, akaunti 61, tisa nimezifuta kabisa. Nimeanza na imeili, na hapo wengi wanakosea wanaanza na zinazowauma, wakati imeili ndo mama, ukibonyeza "nimesahau paswedi" popote linki inakwenda huko, aliyeishika imeili kashika zote. Halafu kwenye kila sehemu inayoruhusu nimewasha hatua ya pili ya kuingia, zile namba sita za kwenye apu zinazobadilika kila sekunde 30. Za kutumwa kwa meseji ni bora kuliko hamna, ila Reddit 2018 waliingiliwa kupitia wafanyakazi ambao hatua yao ya pili ilikuwa meseji, zikanaswa njiani.

Kuna imeili moja imenijia katikati ya shughuli hii nikacheka. Mtu ananiandikia nimekurekodi kwa kamera yako ukiangalia mambo ya watu wazima, nitumie bitcoin, na ushahidi kwamba nimekuingilia huu hapa, na paswedi yangu ya zamani pale juu. Ile ile ya mia tatu na ushee. Mwezi mmoja nyuma ningezirai. Sasa najua aliitoa kwenye orodha ileile ya kila mtu, hana kamera wala nini, wametuma hivi tangu 2018 kwa watu wasiohesabika. Nikafuta.

Nyota nawapa nne kati ya tano. Ya tano nimeishikilia kwa ajili ya kile kijani, wakiweka maneno mawili pale kwamba kijani sio kinga nitaiongeza. Chumba cha paswedi peke yake kingekuwa tano. Nimejiandikisha na taarifa za bure, imeili yangu ikitokea kwenye mvujo mpya wananiandikia, mpaka leo kimya.

Wale wa tovuti ya kamera nimewaandikia tena, safari hii mistari mitatu tu, kuomba radhi. Wamenirudishia akaunti na matangazo yote ya miwani wameyafuta, isipokuwa moja wamelisahau, na chini yake kuna mtu anauliza kama za kike zipo.